Je, ni mate yangu yaliyomponza binti yangu?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 29, yuko Leicester. Mwaka jana jicho moja liliingia ukungu, kisha mguu ukafa ganzi. Wamemwambia ni maltipo sklerosisi, kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo. Amesoma kwamba chanzo ni virusi vya Epstein-Barr, na hupita kwenye mate. Mimi nilimlea kwa kumtafunia muhogo na samaki. Silali. Ni mimi?
Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Si wewe.

Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Kampala. Leo zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani wanavyo. Ndipo uchunguzi ulipokwama miaka mingi: kama karibu kila mtu anavyo, mgonjwa utamlinganisha na nani?

Jawabu lilitoka kwenye majokofu ya jeshi la Marekani. Askari hupimwa VVU kila baada ya miaka 2 hivi, na majimaji ya damu yanayobaki huhifadhiwa. Watafiti wa Harvard walipitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10, wakapata wagonjwa 801 wenye sampuli za kutosha. Kati yao, 35 walikuwa hawana virusi kwenye sampuli ya kwanza. Wote isipokuwa mmoja waliambukizwa kabla ya kuugua! Hatari ilipanda mara 32. Saitomegalo, kirusi kingine kinachopita kwenye mate, hakikuonyesha uhusiano huo. Matokeo yalipotoka mwaka 2022 niliyasoma mara mbili usiku ule ule, na tangu hapo sina shaka kwamba virusi hivi vina mkono.

Lakini mkono mmoja tu. Wanaovibeba ni mabilioni, wanaougua ni wachache. Kuna urithi, kuna uhaba wa vitamini D, kuna sigara.

Sasa muhogo wako. Watoto wetu wengi huambukizwa wadogo, kwa kikombe, kijiko au busu la shangazi, wala hawaugui. Wanaoonekana kuwa hatarini zaidi ni wale wanaovipata ujanani, wakalala na homa na mitoki shingoni. Hata usingemtafunia, angevipata kwingine, pengine katika umri mbaya zaidi.

Mpigie leo, mama. Muulize jicho linaendeleaje, na kama ameshaanza dawa za kuzuia mashambulizi mapya, kwa sababu zikiwahi husaidia zaidi. Kama anavuta sigara, hapo ndipo umkazanie.