Tumbo la mtoto na akili yake

SWALI: Assalamu alaykum. Binti yangu ana miezi minne. Nilimzaa kwa upasuaji, na alipokuwa na wiki tatu alipewa antibayotiki kwa sababu ya maambukizi. Nimesikia kuwa tumbo la mtoto na ubongo wake huenda pamoja, na shemeji yangu ameniletea kutoka Malindi kopo la unga wa bakteria ambao yasemekana hunoa akili. Mavyaa naye anataka nimlambishe asali kila asubuhi ili tumbo lisafike. Nifuate lipi? (Mama wa Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Nitaanza na asali, kwa kuwa hatari yake haingoji. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja humea na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia, na kuchemsha nyumbani hakuziui. Mweleze mavyaa kwa adabu kwamba asali haikukataliwa, bali imeahirishwa hadi mtoto atimize mwaka.

Hilo la tumbo na ubongo lina msingi. Ubongo wa mtoto huzaliwa ukiwa na takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, kisha hukua kwa kasi isiyopata kurudi tena, na ni katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ambapo bakteria hupanga makazi yao utumboni, wakaja kufanana na wa mtu mzima anapokaribia miaka 3. Pande hizi mbili huwasiliana kwa neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo), kwa kinga ya mwili, na kwa kemikali ambazo bakteria huzitengeneza. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu chochote hutoa homoni za mfadhaiko kupita kiasi wanapobanwa, na kwamba hali hiyo ilirekebika walipopewa mapema bifidobakteria, aina ya bakteria wema wa utumboni. Hao, hata hivyo, walikuwa panya, na kutoka hapo hadi kopo linalonoa akili ya mtoto ni safari ambayo muuzaji ameikata peke yake.

Bifidobakteria hao tayari unawalisha wewe. Maziwa ya mama yana sukari za namna ya pekee, ambazo kwa wingi hushika nafasi ya tatu baada ya laktosi (sukari kuu ya maziwa) na mafuta, na ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo: ni chakula cha bakteria wake, nao wakizila hutoa asidi zinazowazuia wadudu waharibifu wasipate nafasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani husisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji, bila uji, na (mtanisamehe wazee wangu) bila maji ya kombe. Upasuaji na antibiotiki huyumbisha mwanzo huo, ila tofauti hupungua miezi inavyopita, na maambukizi yasiyotibiwa yangemdhuru zaidi, usijilaumu.

Litakalohitaji uangalifu zaidi litakuja baada ya miezi miwili, akitimiza miezi 6 na kuanza kula. Ubongo hudhurika kwa upungufu wa madini ya chuma, lakini utafiti uliofanyika pwani yetu, huko Kwale, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba unga wa virutubisho wenye chuma uliwapunguza bifidobakteria na kuongeza bakteria waletao maradhi. Hilo si sababu ya kuyakimbia madini hayo. Mpe maini, nyama iliyosagwa, samaki na maharagwe yaliyopondwa, huku ukiendelea kumnyonyesha, na virutubisho vya pakiti uvitumie kwa kipimo utakachopewa kliniki. Kopo la shemeji ulipeleke hukohuko kabla ya kulifungua, muuguzi asome kilichoandikwa ubavuni.