Samaki wako wasikae kiunoni: kwa mnaoanza kuvua kwa miguu, mkisimama majini bila mtumbwi, ghuba ya Galveston

Ndugu zangu mliofika Houston karibuni na mmeanza kuulizia mahali pa kuvua, swali la kwanza huwa lile lile: huko majini kuna mamba? Wengi wetu tumekulia Uvira, Kalemie au Kigoma, na mamba tunayemjua ni yule wa Ruzizi, anayewinda watu. Wa huku ni aligeta. Pua yake ni pana, ya mviringo, na mara nyingi akikusikia yeye ndiye anayeondoka. Lakini ni mnyama wa meta tatu na zaidi, na njaa anaijua.

Jifunzeni kwanza kusoma chumvi. Aligeta hana tezi za kutoa chumvi mwilini kama walizo nazo mamba, kwa hiyo maji makali ya bahari hawezi kuyakaa muda mrefu. West Bay, nyuma ya kisiwa cha Galveston, ni nadra kumwona. Trinity Bay, mto Trinity unakomwaga maji, na vinamasi vya Anahuac, huko ni nyumbani kwake. Mpaka huo lakini unahama. Mvua kubwa zikinyesha, maji matamu yanaisukuma chumvi nje, naye anayafuata. Kimbunga Harvey cha mwaka 2017 kilifanya karibu ghuba nzima iwe maji ya mto. Mimi huangalia magugu maji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Nikiyakuta yanaelea ghubani, majani bado mabichi, najua mto umefika hapo, na siku hiyo siingii.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa pili nilikuwa Trinity Bay, jioni ya Septemba, maji ya mapajani, samaki watatu wamening'inia kwenye kamba fupi niliyoifunga kwenye mkanda kwa fundo gumu. Nikavutwa kiunoni. Nikadhani kamba imenasa kwenye chaza. Nilipogeuka niliona vinundu viwili vya macho na, mbele yake, pua. Kati yake panaenea shibiri nzima. Hesabu ya wenyeji ni kwamba kila sentimita 2.5 kutoka jicho hadi pua ni kama sentimita 30 za mwili. Wala sikupiga hesabu wakati ule. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, vidole vinateleza, nikachomoa kisu nikakata. Samaki walizama naye bila kelele. Hakuwa na shida na mimi, alifuata damu na mpapatiko wa samaki, na mimi ndiye niliyejifunga navyo.

Kwa hiyo nawasihi: kamba ya samaki iwe ndefu, meta nne au tano, mwishoni ina boya, na kwenye mkanda iwe ya kuchomoka kwa mvuto mmoja wa mkono. Jaribuni nyumbani mikono ikiwa imelowa. Ikivutwa, iachieni. Msigombanie samaki. Papa nao hufuata kamba hizo upande wa maji ya chumvi, basi desturi hii itawafaa kote. Matumbo ya samaki msiyatupe majini mnaposafisha, maana aligeta aliyezoea kula kutoka kwa watu huacha kuwaogopa. Kumlisha kwa makusudi sheria ya Texas inakataza.

Juni na Julai jike hutaga kwenye majani ya kinamasi na hukaa karibu kulinda. Msipite kwenye nyasi ndefu kutafuta njia ya mkato. Ukisikia mlio kama tairi linalotoa upepo, huyo anakuonya: rudi nyuma taratibu, kwa njia uliyojia. Giza likianza kuingia tokeni majini, maana ndipo anapoanza kuwinda.

Leseni ya uvuvi nunueni mapema, na hakikisheni ina ruhusa ya maji ya chumvi.

Na kusema kweli, anayeumiza wavuvi wengi zaidi hapa ni taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Hujilaza kwenye mchanga, na ukimkanyaga anakuchoma mwiba kifundoni. Msinyanyue miguu, iburuzeni kana kwamba mnasukuma vumbi, atahisi na kukimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yatapungua, kisha nenda hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Mwenye kidonda kibichi, na hasa mwenye ugonjwa wa ini, asiingie kabisa miezi ya joto: kuna bakteria anayeitwa Vibrio kwenye maji haya, na anaweza kuua kwa siku moja au mbili.

Anzeni West Bay, asubuhi, maji ya magotini, wawili wawili.