Kipokezi chetu huyumba kila usiku: je, kimeharibika?

SWALI: Mhariri, mimi ni mpima ardhi hapa Kisumu. Tumesimika kipokezi cha GPS, kinachotumia mawimbi ya setilaiti kuonyesha mahali kilipo, juu ya paa la ofisi, mahali ambapo vipimo vyake tunavijua barabara. Mchana hakina neno, lakini tangu Machi, kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita, hupoteza baadhi ya setilaiti na kuonyesha kwamba paa limesogea mita kadhaa. Aliyetuuzia anasema tununue kingine. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu mpima ardhi, nakusihi usitoe pesa bado, kwa kuwa saa na mwezi ulioutaja vinanifanya nishuku anga kabla ya kifaa. Mawimbi ya GPS husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na kupenya ionosfia, tabaka la anga lenye elektroni nyingi zilizotenganishwa na mwanga wa jua. Katika nchi za ikweta, jua likishatua, tabaka hilo hufanya mapovu makubwa yanayoyatetemesha mawimbi, hasa karibu na Machi na Septemba, katika miaka ambayo jua limechangamka. Ionosfia pia huyachelewesha mawimbi; kipokezi cha masafa mawili, yaani kinachopokea mawimbi ya aina mbili kutoka kila setilaiti, huweza kukokotoa ucheleweshaji huo wa kawaida na kuuondoa karibu wote, ila mtetemo huo hakiuwezi.

Usitazame tu mahali ambapo kipokezi kinasema kipo, maana hapo makosa yote yamekwisha kuchanganyika. Rekodi nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti, usiku na mchana, kwa wiki nzima. Zikiyumba zilizo upande mmoja wa anga huku nyingine zikitulia, hayo ni mapovu. Zikishuka zote kwa wakati mmoja, kagua waya na antena, kisha uulize kama jirani amefunga mtambo wa redio.

Mabati nayo huakisi mawimbi, na kosa lake lina alama ninayoipenda sana kwa uwazi wake: setilaiti za GPS hurudi palepale angani kila siku takribani dakika 4 mapema, hivyo kosa la mabati nalo huwahi, na baada ya wiki limesogea karibu nusu saa. Machweo ya Kisumu hayasogei hivyo. Kosa lenu likibaki saa mbili ileile wiki nzima, kiacheni kipokezi juu ya paa, na vipimo vya mipaka ya mashamba mvifanye asubuhi.