Mtoto wa miaka 2 asomewe kitabu kweli?

SWALI: Asalam aleikum shangazi, mwanangu ana miaka 2, watu wanambia nimsomee lakini hatulii, anaruka kurasa, anatafuna kitabu, na mie Kizungu changu si kizuri. Nifanyeje? – Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kutafuna kitabu ni kawaida, umri wake ndo huo, muache ashike afungue mwenyewe, hata mkianzia katikati sawa tu. Na msomee Kiswahili, tena hiki hiki chetu cha Mvita, maana anachokusanya saa hii ni maneno na sauti, akienda shule herufi zitamkuta ana maneno tayari. Madaktari wa watoto Marekani tangu 2014 wanashauri mtoto asomewe kwa sauti tangu mchanga, kwa hivyo si mapema. Ukifika picha ya paka usikimbilie kugeuza, muulize "yuwapi paka? analiaje?" halafu ngoja, ngoja kabisa, akisema "nyau" tu wewe muongezee, "eeh, paka analia nyau, ataka samaki". Hapo ndo penye kazi yenyewe. Dakika 5 kabla ya kulala zatosha, akichoka funga. Na babake naye amsomee, si kazi yako peke yako.