Mwalimu, hiyo barua usisaini

Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, vumbi ya chaki bado iko mkononi, nikaitwa kwa ofisi ya dairekta. Nikapata barua imeshachapwa, jina langu juu, eti mimi nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu, na biki imewekwa hapo kando. Nikaambiwa saini ndio ulipwe zile wiki mbili umefundisha. Niliomba nakala nikasome nyumbani, wakakataa, basi nami nikakataa kusaini nikaondoka.

Walimu wenzangu wa shule za praiveti hapa Nairobi, ukisaini hiyo karatasi umejifuta mwenyewe, ukienda mbele utaulizwa si ni wewe uliacha? Na pesa ya siku ulizofundisha ni yako hata kama umefutwa kwa makosa, mtu asikufanyie chambo nayo.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ufutwe kwa utovu wa nidhamu ama kazi mbovu lazima uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, usikizwe, na uwe na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama cha wafanyakazi hapo kando yako. Dakika tano mlango umefungwa, uko peke yako, huko si kusikizwa. Na mimba si sababu ya kufuta mtu, hiyo naisema kwa uchungu juu nimeona madada wawili wakienda hivyo wakanyamaza. (Wale wa TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za serikali, wana njia yao ya kusimamishwa na kamati ya nidhamu, hao wakimbilie vyama vya walimu, KNUT ama KUPPET, mapema.)

Mimi sikuwa na mkataba wa maandishi, nikadhani nimeisha. Kumbe mwajiri asipoleta mkataba, yeye ndiye wa kuthibitisha masharti mliyoelewana. Nilibeba meseji za M-Pesa za mshahara na ratiba ya masomo yenye jina langu nikaenda ofisi ya leba, afisa akawaandikia, wakalipa zile wiki, notisi ya mwezi na siku za livu. Wangekataa ningeenda korti ya ajira Milimani, yenye inaweza kukupa fidia hadi mishahara ya miezi 12, lakini usikae zaidi ya miaka 3 kabla ya kushtaki.

Pia ulizia cheti cha utumishi, ile karatasi ya kuonyesha ulifanya kazi hapo, ni haki yako. Changu nilikifuata mara tatu, ya tatu nikakipokea kwa askari wa geti ndani ya bahasha ya kaki.