Kukagua nyumba ya wazee wenye demensia: nenda jioni

Nyumba ya wazee ukiitembelea saa nne asubuhi utaipenda tu. Wazee washaogeshwa, sakafu imepigwa deki, matroni yupo ofisini na sare yake imepigwa pasi, na wewe mwenyewe utaletewa chai. Sijaona nyumba mbaya saa nne asubuhi. Kwa hivyo anayemtafutia mzazi mahali hapa Mombasa, ushauri wangu mkubwa kuliko wote utakaosoma hapa chini ni huu: rudi wakati wa magharibi, jua likichwa, na usipige simu kwanza.

Saa hiyo ina sababu zake. Wengi wenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, huchafukwa jioni. Mtu alikuwa mtulivu mchana kutwa, giza likianza kuingia anatafuta buibui lake, anataka kwenda kwao, anauliza watoto mbona hawajarudi chuoni, anatikisa komeo la mlango. Uchovu wa siku nzima, mwanga kupungua na mwili kutojua tena usiku ni upi na mchana ni upi, yote huchangia. Na ndiyo saa hiyo hiyo zamu zinapopokezana, chakula kinapopakuliwa, na adhana inapolia, wahudumu nao wanataka kuswali. Nyumba iliyojipanga utaijua hapo. Taa zimewashwa kabla giza halijaingia, televisheni imepunguzwa sauti, wanaoswali wanapishana, na kuna mtu ambaye kazi yake saa hiyo ni moja tu, kukaa na wale wanaohangaika.

Nimeingia nyumba moja jioni nikamkuta bibi kwenye kiti cha plastiki, leso ya kisutu imemzunguka kiunoni, fundo limepigwa nyuma ya kiti, pale asipoweza kufikisha mkono. Alikuwa akiivuta leso polepole upande mmoja kisha mwingine, kama mtu anayejitengeneza nguo. Nikamwuliza binti aliyekuwa zamu. Akanijibu bila kupepesa macho, "Asianguke, mama. Tukimwacha anainuka." Wala sikumlaumu yule binti, ndivyo alivyofundishwa. Lakini mtu akifungwa hivyo kila siku misuli hulegea, makalio hufanya vidonda, wasiwasi huzidi, na siku atakayofunguliwa ataanguka vibaya zaidi. Kuna swali ambalo hakuna aliyemwuliza bibi yule: anainuka aende wapi? Mara nyingi mzee anayeinuka-inuka anataka haja ndogo na hana tena maneno ya kusema. Nyumba inayojua kazi yake humpeleka chooni kwa saa maalumu, humlaza kitanda cha chini, humvisha ndara zisizoteleza, huweka vyuma vya kushikilia ukutani na taa ndogo inayowaka usiku kucha.

Nyumba nyingine, wakati ule ule wa jioni, kulikuwa na mzee aliyekuwa akiuliza, "Feri imeondoka?" Kijana aliyekuwa akimlisha akamjibu, "Bado, mzee wangu. Tumalize uji kwanza." Baada ya dakika mbili, "Feri imeondoka?" Bado, mzee wangu. Nilikaa pale muda mrefu nikingoja kijana achoke, aseme "si nishakwambia." Hakusema. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka na bustani haikuwa kitu cha kupiga picha, lakini ningeichagua nyumba ile mbele ya nyingi zenye vigae vya kung'aa.

Kuna leso nyingine isiyoonekana, nayo ni kidonge. Uliza moja kwa moja: mzee akipiga kelele usiku mnampa nini? Ukiambiwa "dawa ya kumtuliza", taka jina la dawa, nani aliyeiandika, na lini daktari aliiangalia upya mara ya mwisho. Dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli zina mahali pake, lakini si maji ya kunywa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kuhusu dawa mpya za kundi hili, na mwaka 2008 ikaziongeza zile za zamani, kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Ukiingia sebuleni ukakuta wazee wote wamelala vichwa vimeinama saa kumi na moja jioni, usidhani ni amani.

Na wahudumu wajue kwamba mzee akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, kwa kawaida hiyo si demensia kuzidi. Demensia huenda kwa miezi na miaka, ingawa ile inayotokana na kiharusi huweza kushuka kwa ngazi. Mabadiliko ya ghafla mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, kukosa maji mwilini, choo kufunga, au dawa mpya. Mwulize muuguzi: juzi alikuwa akinitambua, leo hanitambui na anaona wadudu ukutani, utafanya nini? Jibu unalolitaka ni kupima joto, kupima sukari na mkojo, kumwita daktari. Ukisikia "ndiyo ugonjwa wenyewe huo", shukuru kwa chai uondoke.

Swali jingine ninalolipenda sana, na limuulize mhudumu wa kawaida wala si matroni: huyu mama anaumwa nini hasa? Nimewahi kujibiwa kwamba amerudi utotoni. Nimewahi kujibiwa, kwa sauti ya chini, kwamba ana jini. Hapa pwani maneno hayo hayatushangazi, na wengine wetu tulizunguka kwa waganga kabla ya kufika hospitali. Lakini anayelala na mamako usiku akiamini kuna jini, ataogopa kumkaribia anapopiga kelele, au atajaribu kulitoa. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye demensia, na wengi wao wako nchi kama zetu. Ni ugonjwa wa ubongo. Anayelipwa kuuhudumia awe amefunzwa hilo.

Karatasi hazinichukulii muda mrefu, ila ziangalie. Nyumba inayotoa tiba iwe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na anayejiita muuguzi awe kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi. Uliza muuguzi yupo saa ngapi, maana nyumba nyingi zina muuguzi mchana na usiku zinabaki na wasichana wawili. Uliza usiku ni watu wangapi macho, si wangapi wamo ndani. Mtu mmoja kwa wazee ishirini hawezi hata kuwageuza wanaolala kitandani, ambao kwa kawaida hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili au hivi.

Sasa maji. Hakuna orodha ya ukaguzi iliyoandikwa ulaya itakayokukumbusha hili, lakini sisi tunaijua Mombasa. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na bomba likikauka linakauka siku kadhaa. Nyumba yenye wazee wanaovaa pampasi inahitaji maji mengi kila siku. Kaone tangi kwa macho yako. Mfereji ufunguliwe mbele yako. Kama wanategemea kisima, onja, yasiwe ya chumvi halafu ndiyo wanayopikia. Kisha uliza stima ikipotea mwezi wa pili au wa tatu, joto lile la kaskazi, feni zinazungushwa na nini? Mzee mwenye demensia hasikii kiu kama wewe, na akiisikia huenda asijue la kufanya. Jagi lililojaa pembeni ya kitanda si maji aliyokunywa. Ulizia daftari la kuandika nani kanywa kiasi gani, na utazame kama linajazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, siku saba kwa mpigo.

Chakula vilevile usikionje tu, kitazame kikiliwa. Demensia ikifika mbali mtu husahau kutafuna, au huweka tonge shavuni, na kikipita njia isiyo yake huingia mapafuni. Mlishaji awe ameketi, usawa wa macho na mzee, kijiko kidogo, tonge la pili lisije mpaka la kwanza limemezwa. Mzee awe wima, si amelala kwenye mito. Na samaki, jamani! Watu wetu wanapenda kuwaletea wazee samaki wa kupaka mzima na miba yake, kwa mapenzi. Muulize mpishi kama anachambua miba. Uliza pia wazee wanapimwa uzito lini. Kila mwezi ni kadiri nzuri. Mzee anayepungua mwezi baada ya mwezi huenda haliwi tu na ugonjwa, huenda kuna mtu hajamlisha.

Kuhusu lugha na heshima, nitasema kidogo kwa hasira. Mamangu hakuwahi kuwa "shosho" wa mtu yeyote. Ni Bi Fulani, ukimsalimu alfajiri ni sabalkheri, na ukimsemesha kwa Kiingereza cha ofisini atadhani umekuja kumdai kodi. Ugonjwa huu mara nyingi hula lugha zilizojifunzwa ukubwani na kuacha ile ya utotoni, kwa hivyo kama mzazi wako ni wa Kidigo, wa Kigiriama au wa Kikachi, uliza nani katika zamu anaijua lugha hiyo, hata maneno ya kumbembeleza tu. Wape karatasi moja: anapenda kuitwa nani, alifanya kazi gani, anaogopa nini, analala upande gani. Mamangu aliamka kabla ya alfajiri maisha yake yote kwa ajili ya mahamri ya kuuza, na hakuna kidonge kitakachomlaza mpaka saa moja. Nyumba inayofaa itampa uteo wa mchele achambue saa kumi na moja asubuhi, wala haitamrudisha kitandani kwa nguvu.

Kuogeshwa je? Mama wa Kiislamu aogeshwe na mwanamke, afunikwe leso anapooshwa, na ushungi wake usivuliwe mbele ya kila apitaye. Hili likubaliwe siku ya kwanza. Ramadhani pia ijadiliwe mapema: dini yenyewe imemwondolea saumu asiye na akili timamu, lakini mzee wa sukari aliyezoea kufunga atakataa chakula, na wahudumu wajue namna ya kumshawishi bila kuanzisha ugomvi wa dini mezani.

Mahali nyumba ilipo, fikiria usiku wa manane. Ng'ambo ya Likoni kuna upepo mzuri na bei huenda ikawa nafuu, lakini mgonjwa wa kiharusi akitakiwa kisiwani, utamsubirisha feri au utazunguka Dongo Kundu. Waambie wakueleze gari lipi, dereva analala wapi, hospitali ipi. Ukivuka daraja la Mtwapa ushaingia Kaunti ya Kilifi, ukaguzi na malalamiko yako yatakwenda huko, si Mombasa.

Pesa: taka kwenye maandishi kilichomo ndani ya ada na kilicho nje yake. Pampasi, dawa, daktari, bendeji, nguo kufuliwa, vyote huwa vinajitokeza mwezi wa pili. Zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali, anazopata mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa zitasaidia kidogo upande wa pampasi, zaidi ya hapo ni mifuko yenu nyinyi watoto, basi mgawane kwa majina na viwango kabla ya mama kuhamishwa. Soma kipengele cha kutoka: akifariki au mkimwondoa, amana inarudi lini? Na ugonjwa ukizidi watambakisha au watawaambia mje mmchukue?

Jamaa watasema mmemtupa. Wa kwangu walisema, na waliosema kwa sauti kubwa ndio ambao hawajawahi kumbadilisha pampasi. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na wapate matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Hakikusema lazima iwe ndani ya chumba kimoja na binti aliyeacha kazi na hajalala. Wakaribishwe zamu ya kutembelea.

Maana baada ya kuhamia ukaguzi hauishi. Nyumba inayokwambia wageni ni Jumapili saa nane hadi saa kumi pekee, usitie sahihi. Gawaneni ndugu, mmoja asubuhi ya katikati ya wiki, mwingine magharibi, bila ratiba inayojulikana. Ukifika, funua soksi utazame visigino, mgeuze utazame mfupa wa juu ya makalio: wekundu usioondoka ukiubonyeza ndio kidonda kinaanza, na kwenye ngozi nyeusi utaona weusi uliozidi au utahisi joto na ugumu. Tazama kucha, tazama kama meno ya bandia ni yake. Ukikuta jambo, liandike kwenye daftari lao la malalamiko na upige picha ukurasa ule. Wakikwambia hawana daftari la malalamiko, nunua la shilingi hamsini uwaachie mezani, na uulize kesho yake limewekwa wapi.