Nina stashahada ya theolojia na miaka 14 ya uchungaji. Naweza kuingia uzamili?

SWALI: Mimi ni mchungaji wa usharika mkoani Mbeya. Nina stashahada ya theolojia ya miaka mitatu. Chuo kimoja cha mtandaoni, chenye makao nje ya nchi, kimeniambia uzoefu wangu unatosha, nianze uzamili mwezi ujao nikishalipa ada. Nikubali? Na je, Kigiriki ni lazima?

JIBU: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Usilipe kwanza.

Nafanya kazi ya udahili katika chuo cha theolojia, na mafaili ya watumishi waliolipa kabla ya kuuliza yananiumiza sana. Mmoja alileta cheti cha uzamili chenye muhuri wa dhahabu na transkripti ya ukurasa mmoja: masomo sita, yote A, hakuna krediti, hakuna semesta. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Cheti kile hakikumfungulia hata mwaka wa kwanza.

Hapa Tanzania, uzamili huanzia kwenye shahada ya kwanza inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vyuo vingi hutaka angalau daraja la pili la chini, yaani wastani wa 2.7 katika mizani ya 5. Miaka yako 14 itaipa uzito barua yako ya maombi, na darasani utawazidi wengi, lakini haikai mahali pa shahada.

Kwa hiyo anza na stashahada yenyewe. Je, imesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya stashahada? Vyuo vingi vya Biblia hufundisha vizuri bila usajili huo, na hapo ndipo watu hukwama. Kama inatambuliwa na wastani wako ni 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, unaweza kuomba shahada ya kwanza, kwa mfano Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River, Arusha. Uliza mapema ni masomo gani ya stashahada watakuhesabia.

Ukitaka chuo cha nje, iandikie TCU kabla ya kujiunga, maana ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za nje. Angalia pia majina ya shahada. Marekani, M.Div. (Master of Divinity, uzamili wa kuandaa wachungaji) hupokea mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote, hata kilimo, nayo katika shule zenye ithibati ya ATS, jumuiya ya shule za theolojia za huko, haipungui krediti 72 za semesta, karibu miaka mitatu. Th.M. (Master of Theology) huja baada ya M.Div. au masomo yanayolingana nayo, kwa hiyo wewe bado hujaifikia.

Kigiriki sasa. Ukichukua mchepuo wa Agano Jipya, hukikwepi, kama ambavyo wa Agano la Kale hakwepi Kiebrania. Kwa misiolojia, yaani masomo ya umisheni, au ushauri wa kichungaji, vyuo vingi havikidai. Hata hivyo ningekusihi ujifunze. Fungua Yohana 21:15-17. Katika Biblia yetu Yesu anamwuliza Petro mara tatu, "wanipenda", neno lile lile. Katika Kigiriki, mara mbili za kwanza anauliza kwa kitenzi agapao, ya tatu anatumia phileo, kile kile ambacho Petro amekuwa akijibia. Je, tofauti hiyo ina maana, au ni mtindo tu wa Yohana, anayependa kubadilisha maneno? Wataalamu hawajakubaliana. Umehubiri andiko hilo mara ngapi, Mchungaji? Uzamili utakutaka usimame upande mmoja na uutetee kwa ushahidi, kurasa kwa kurasa, na mwalimu akikupinga.

Wiki hii omba transkripti kamili kwenye chuo chako cha zamani, iliyopigwa muhuri, kwa sababu ofisi nyingine huchukua miezi kuitoa. Wakati unaisubiri, anza alfabeti ya Kigiriki. Herufi ni 24 tu.